Shingo ya Kuku na Pimbi Aliyepotea

Vyeo nilivyopanda na mishahara niliyolipwa vimo kwenye faili langu kule utawala. Atakaye avisome huko, ni faili jembamba. Hapa nawaandikia ninyi vijana mnaobaki katika karakana ya mifupa ya makumbusho yetu, kwa sababu nimegundua mnajua kuendesha mashine inayopiga picha ndani ya fuvu, lakini hakuna hata mmoja wenu anayeweza kuchuja maji.

Nilistaafu mwezi uliopita. Nilipewa keki, saa ya ukutani na hotuba, ambamo mkuu mpya alisema nimewatumikia wanyama kwa moyo wote. Wanyama wenyewe, ambao karibu wote walikuwa wamekufa kabla hatujakutana, hawakupewa nafasi ya kusema lolote.

Karakana yetu ilizungumza Kiswahili, jambo ambalo Kampala huwashangaza wageni. Sababu ilikuwa watu. Mimi nilizaliwa katika kambi ya polisi, baba Mwislamu kutoka kaskazini, mama Mkristo, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba nzima, hasa ya ugomvi. Aliyenifundisha kazi, Mzee Barasa, alitoka upande wa Kenya. Askari wetu wa getini, Afande Odong, alikuwa polisi mstaafu. Basi fuvu lilichemshwa kwa Kiswahili, likaandikwa Kiingereza, na likapigiwa umbea kwa Kiganda na Nakato, karani wa ofisi.

Siku yangu ya kwanza Mzee Barasa alinikabidhi sufuria iliyokuwa na kichwa cha panya buku, akaniambia nikitoe, nikipige mswaki. Nilifanya hivyo kwa bidii ya mtu anayetaka kuonekana. Aliporudi akachungulia ndani ya sufuria tupu, kisha akanitazama kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

"Binti, maji yako wapi?"

"Nimeyamwaga, Mzee."

"Wapi?"

Nilimwonyesha mfereji wa nje. Akaenda akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akaniletea chujio la chai.

"Umemwaga masikio yake," alisema. "Piga magoti."

Nilikaa kwenye ule mfereji tangu saa nne mpaka saa nane mchana, nikichuja matope, huku Afande Odong akipita kila baada ya muda kuuliza kama nimepoteza pete ya ndoa. Nilipata vifupa vitano kati ya sita, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mtama. Mzee Barasa alivipanga juu ya karatasi nyeupe. Akaniambia kila sikio la mamalia lina vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Ndege ana kimoja. Mamba ana kimoja. Chura ana kimoja. Ukikuta vitatu, umekuta ndugu yako.

"Na unajua viwili kati ya hivi vilikuwa wapi zamani?"

Sikujua.

"Kwenye taya. Wazee wetu wa kale, wale waliokuwa na sura ya kenge na meno ya mbwa, walikuwa na taya ya chini iliyoungwa kwa mifupa mingi. Kidogo kidogo mfupa mmoja ukakua ukachukua kazi yote ya kutafuna. Ile midogo ya kwenye bawaba ikabaki haina kazi. Ikahamia sikioni." Akagusa sikio lake. "Kwa hiyo ukisikia umbea, unausikia kwa taya ya babu yako. Ndiyo maana wanaosikia sana wanaongea sana."

Nakato alikuwa mlangoni na chai. Alisema hayo ni matusi, na hakutuletea chai tena mpaka Alhamisi.

Mzee Barasa hakuwa na shahada. Alikuwa na droo. Droo ya kwanza ilikuwa na mifano ya plasta ya wale wazee wa kale, na alikasirika mtu akiwaita mijusi. "Si mijusi! Sisi na mijusi tuliachana mapema sana, kabla dinosaria hajazaliwa. Ni binamu hao, tena binamu wa kukutana kwenye misiba tu." Katika droo zilizofuata meno yalianza kugawana kazi: ya mbele ya kukata, chonge za kuchoma, magego ya kusaga. Mtambaazi hutoa jino na kuota jingine maisha yake yote. Sisi tunapewa mara mbili tu, na Mzee Barasa, aliyebakiwa na meno kumi na moja, aliliona hilo kuwa kosa kubwa katika mpango mzima.

Droo ya mwisho ilikuwa na vifuvu vidogo kama vya kirukanjia. Kwa zaidi ya miaka milioni mia moja, alisema, dinosaria walipokuwa wanamiliki mchana, watu wa ukoo wetu wengi walikuwa vijitu vidogo vya kujificha, vyenye manyoya na damu moto, vikinusa, vikisikiliza, na vikinyonyesha watoto wao kwa maziwa yaliyoanza kama unyevu tu wa ngozi. Hakuna cha kujivunia. Tuliokoka kwa kuwa wadogo na waoga.

Wanafunzi wa shule walipokuja, kazi yangu ilikuwa kuwaeleza haya kwa dakika ishirini. Mwalimu mmoja kutoka Kawempe alisimama mbele ya darasa lake akaniambia popo ni ndege, kwa sababu anaruka na yeye amefundisha hivyo miaka yote. Nilimwonyesha manyoya, nikamwonyesha meno, nikamwonyesha picha ya popo akinyonyesha. Akafikiri.

"Kale, sawa," alisema. "Lakini kwenye mtihani ataendelea kuwa ndege mpaka mwisho wa muhula."

Jambo moja zaidi la Mzee Barasa, kisha nifike kwenye kesi ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Alinifundisha kuhesabu shingo. Mamalia wana pingili saba za shingo. Twiga saba, panya saba, nyangumi asiye na shingo ya kuonekana saba, mimi na wewe saba. Wapo wakaidi wawili watatu wa nchi za mbali, lakini ukoo mzima umeng'ang'ania saba kana kwamba tulikula kiapo. Ndege hawakula kiapo. Kila ndege ana zake, na ni nyingi.

Mzee Barasa alistaafu akarudi kwao, nami nikarithi droo, chujio na friza.

Friza ile ndiyo ilikuwa chanzo cha matatizo. Ilikuwa imeunganishwa na jenereta, kwa hiyo umeme ulipokatika Kampala nzima, yenyewe iliendelea kunguruma. Kila sikukuu ilipokaribia, wafanyakazi walileta nyama zao. Haikuruhusiwa, na hakuna aliyewahi kukataa. Sheria tuliyorithi ilikuwa fupi: rafu ya juu ni ya watu, rafu ya chini ni ya sayansi.

Mwaka huo, wiki mbili kabla ya Krismasi, tuliletewa pimbi kutoka kaskazini-mashariki, amekufa, mzima, bila jeraha. Tulikuwa na ngozi za pimbi lakini hatukuwa na kiunzi kamili cha mifupa hata kimoja. Afande Odong alimpokea getini, akamfungua, akatabasamu kama aliyekutana na mwanakijiji mwenzake.

"Madamu, hii mnyama kwetu iko sosi, inaliwa."

"Afande, huyu ni ndugu wa tembo."

"Hii?" Alimnyanyua kwa mkono mmoja. Pimbi ana ukubwa wa sungura na uso wa mtu aliyeamshwa vibaya.

"Ndugu zake wa karibu waliobaki duniani ni tembo na nguva. Tazama meno haya mawili ya juu. Ni pembe za ndovu ndogo."

Odong alizitazama kwa heshima. "Basi tembo pia iko tamu," alisema. "Na ugali ya mtama, unasahau jina ya mama yako."

Watu wanne walikuwepo, na wote wanne walikumbuka maneno hayo baadaye.

Nilimchuna siku ya Ijumaa. Katika kazi yetu nyayo hubaki na ngozi, na kibandiko chenye namba hufungwa kwenye mguu. Kwa hiyo ngozi ilikwenda na kibandiko, na mwili ukabaki mwekundu, hauna nyayo, hauna jina. Kanuni inataka mwili ufungiwe kibandiko chake cha pili. Niliijua kanuni hiyo, nilikuwa nimeifundisha. Lakini ilikuwa Ijumaa saa kumi na moja, Ntinda nzima ilikuwa imefungana kwa magari, nami nilikuwa na njia moja tu ya kwenda nyumbani. Niliuzungushia mwili gazeti, nikaandika namba kwa penseli, nikautia kwenye kavera nyeusi, mfuko wa plastiki, rafu ya chini.

Jumatatu rafu ya chini ilikuwa na nyama ya ng'ombe ya Nakato, na pimbi hakuwepo.

Nilitoa taarifa kabla ya kufikiri, na hilo ni kosa la pili. Mtu wa utawala, kijana mwenye viatu vilivyochongoka aliyekuwa akitafuta nafasi ya kuonekana, alishuka moja kwa moja mpaka getini. Alimkuta Afande Odong amemaliza chakula cha mchana, na sufuria ina mifupa. Funguo za karakana za siku za mapumziko huwa kwa Odong. Maneno yake kuhusu ugali wa mtama yalikuwa yamezunguka jengo zima.

"Umekula kielelezo cha taifa," alisema kijana.

"Mimi nimekula kuku. Mke yangu amepika jana."

Kijana akashika sufuria. Odong akaishika pia.

"Hapana. Kizibiti haiendi bila karatasi. Andika: sufuria moja, mifupa, mchuzi kidogo. Weka saa. Weka sahihi. Mimi nimefanya polisi miaka ishirini na mbili, nimelinda ushahidi ya kila aina. Bangi, mbuzi, hata pombe. Sijawahi kula ushahidi."

Tulicheka siku hiyo. Jumanne hatukucheka tena, kwa sababu barua ilitoka: Odong asimamishwe kazi, kikao Jumatano, na akipatikana na hatia atoke kwenye chumba cha wafanyakazi nyuma ya jengo mwisho wa mwezi. Katika chumba hicho aliishi na mke na watoto wanne, wawili wakisoma shule iliyo ng'ambo ya barabara. Jioni alikuja mlangoni pa karakana bila sare yake, na bila sare alionekana mfupi.

"Madamu, watoto yangu wanaulizwa shuleni kama baba yao amekula makumbusho. Wewe unajua mifupa. Utasema?"

Nilimwambia nitasema. Sikumwambia kuhusu kibandiko. Usiku ule nilijua kwamba kama kuna mtu aliyestahili barua, ni mimi.

Kikao kilikaa katika ofisi ya Profesa, mkuu wa idara yetu, mtu mpole, msahihi mno, aliyekuwa akirekebisha nukta kwenye memo za kuomba sabuni. Alikuwa mwenyekiti. Kulia kwake kijana wa utawala, kushoto Nakato akiandika kumbukumbu, na katikati ya meza, juu ya kitambaa cha mezani, sufuria ya mke wa Odong.

Nilianza kwa kusema kwamba niliuhifadhi mwili bila kibandiko. Profesa alivua miwani, akasema, "Wewe?" na neno hilo moja liliniuma kuliko barua yoyote. Kisha nikashika kibano.

Mfupa wa paja peke yake ulinitosha. Ulikuwa mwepesi, una uwazi ndani, wa ndege kabisa. Nilisema hivyo. Kijana wa utawala akasema hayo ni maoni ya rafiki wa mshtakiwa. Yeye anataka kitu ambacho mtu yeyote anaweza kukiona kwa macho yake.

"Unaweza kuhesabu?" nilimwuliza.

"Bila shaka."

"Mamalia wote unaoweza kuwataja Uganda wana pingili saba za shingo. Pimbi ni mamalia. Kuku anazo kumi na nne. Humu kuna shingo. Tuhesabu."

Nilianza kupanga pingili juu ya karatasi. Moja. Mbili. Tatu. Nakato aliacha kuandika. Nne, tano, sita. Saba. Nikapapasa na kibano: mifupa ya mguu, mbavu, kipande cha bawa kilichovunjika vibaya, basi.

"Saba!" kijana akasema. "Nakato, andika saba."

Nilimgeukia Odong. "Afande. Shingo hii, umeitafuna?"

Akatazama dari. "Kidogo."

"Kidogo ngapi?"

"Zile za juu, Madamu. Zilikuwa laini. Sasa mimi ningejua aje kama zinahesabiwa?"

Nilikuwa na pingili saba mezani, na nyingine tumboni mwa mshtakiwa ambako hazikuweza kumtetea. Niliinamisha sufuria kuelekea dirishani. Mafuta yalikuwa yameganda chini, na pembeni palikuwa na kivimbe. Nikakikwangua kwa ukucha.

"Nane," nilisema. Kilikuja na mwenzake. "Tisa."

"Banange!" alisema Nakato, na akaliandika, kwa sababu limo kwenye kumbukumbu za kikao hadi leo.

"Labda walikuwa pimbi wawili," kijana akasema.

"Amepotea mmoja," alisema Profesa kwa upole, "na huyo wa pili angekuja na shingo ya pingili mbili. Afande, hujala pimbi. Lakini bado sijui pimbi wangu yuko wapi."

Niliomba ruhusa nikaenda kwenye friza. Nilitoa kila kavera, nikafungua gazeti baada ya gazeti. Katika rafu ya juu, nyuma ya samaki, palikuwa na mnyama mmoja aliyechunwa, hana nyayo, kichwa kipo. Nilimpeleka ofisini mzima mzima, nikamfungua midomo mbele yao.

Nyuma ya meno mawili makubwa ya juu palikuwa na mengine mawili madogo kama vigingi. Hiyo ni alama ya ukoo wa sungura na hakuna mwingine aliye nayo.

"Huyu ni sungura," nilisema. "Nani ameleta sungura?"

Nakato alijibu bila kuinua kichwa. "Si yule wa Profesa? Aliletewa na shemeji yake. Mimi mwenyewe nilimweka, Ijumaa, nikapangapanga ile friza ili nyama yangu ipate nafasi."

"Haiwezekani," alisema Profesa. "Sungura wangu nilimchukua Jumamosi, kwa ufunguo wangu mwenyewe. Tulimla Jumapili baada ya…"

Hakumaliza. Nimewahi kuona watu wakielewa jambo, lakini sijawahi kuona mtu akilielewa polepole namna ile, kuanzia miwani kwenda chini mpaka kwenye tai. Kijana wa utawala alianza kuisoma barua yake mwenyewe kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Odong hakucheka. Alikaa wima kama aliye kwenye gwaride, machozi yakimtoka, na mpaka leo sina hakika yalikuwa ya aina gani.

Profesa alisimama. Mkuu wa idara, mbele ya karani na mtu wa utawala, alizunguka meza, akainama kidogo mbele ya askari wake.

"Afande, nimekukosea. Mbele ya watoto wako nimekukosea. Nitakwenda shuleni mwenyewe."

"Prof, mimi nimekusamehe," alisema Odong, akipangusa uso. "Lakini sema ukweli tu. Haikuwa tamu?"

Profesa, ambaye hakuwahi kusema uongo wa kitaaluma, alijibu, "Ilikuwa tamu sana."

Mchana huohuo tulikwenda nyumbani kwake Ntinda, Odong, mimi na mwenye nyumba akitembea nyuma yetu. Mkewe alitupokea kwa ukarimu wote wa Kiganda, akatusalimia hadi habari za majirani zetu, kisha akasikiliza kisa kizima akiwa ameweka mkono kifuani.

"Bambi! Mimi nilimwambia, Taata, sungura huyu mbona ana meno kama fisi? Akaniambia nile, ni mbegu ya kizungu."

"Sikuwa nimevaa miwani," alisema Profesa.

Mifupa ilikuwa kwenye shimo la taka chini ya migomba. Odong alivua shati akaingia. Alifanya kazi ile kama alivyofundishwa polisi, akigawa shimo kwa kamba, akianza pembeni kuja katikati, na hakukubali msaada. Mbwa wa nyumba alikalia mfupa mmoja wa paja na ilibidi abadilishiwe kwa ini. Saa kumi na mbili kasoro tulikuwa na fuvu, taya, mbavu karibu zote, na shingo yenye pingili saba.

Kila kielelezo kinahitaji kadi, na kadi inahitaji majina. Niliijaza kesho yake asubuhi kwa mwandiko wangu bora. Mahali alipopatikana: kaskazini-mashariki, kisha Ntinda. Aliyekusanya: Odong, askari. Aliyetayarisha: mke wa mkuu wa idara. Njia ya kutayarisha: amechemshwa kwa mchuzi wa karanga.

Nilimpelekea Profesa atie sahihi, nikidhani ataichana. Aliisoma mara mbili. Akachukua kalamu yake nyekundu, akaweka alama kabla ya neno "amechemshwa", akaandika juu yake kwa herufi ndogo safi, "amekaangwa kwanza", kisha akatia sahihi.